Maswali ya Wasomaji: Theluji Inayoporomoka, ya Milima ya Pwani na ya Kibo

Barua za msimu huu zimetoka Marangu, Machame, Usa River, Njiro na Moshi mjini, na karibu zote zinauliza jambo moja: vijana wetu wa mlimani wanapata mialiko na kazi za majira ya baridi kwenye milima ya pwani ya Kanada, na wanataka kujua wanachokwenda kukutana nacho. Tumechagua sita.

Ndugu mhariri, nimepandisha wageni Kibo kwa miaka kumi na minne. Mteja wangu amenialika Squamish, jimbo la British Columbia, mwezi Februari, na kila akiandika ananionya kuhusu maporomoko ya theluji. Nimeangalia ramani: Mlima Garibaldi una mita 2,678. Si huo ni urefu wa kambi ya Mandara tu? Kuna nini cha kuogopa? (Mwongozaji, Marangu)

Kipo cha kuogopa, ndugu yetu, na hakihusiani na urefu. Kibo humpima mtu pumzi. Kule mapafu yako yatakuwa sikukuu, na hilo ndilo linalotutia wasiwasi: kengele zote ulizozoea kuzisikiliza, kichwa kuuma, kichefuchefu, miguu kuwa mizito, zitakaa kimya, nawe utajiona uko salama wakati hatari iko chini ya nyayo zako.

Milima ile inaanzia baharini. Hewa yenye unyevu kutoka Pasifiki inaigonga, inalazimika kupanda, inapoa na kuangusha ilichobeba. Kwenye kituo cha skii cha Mount Baker, ng'ambo kidogo ya mpaka upande wa Marekani, msimu wa 1998–99 ilipimwa theluji iliyoanguka karibu mita 29 kwa jumla. Theluji ya Kibo huanguka kidogo, kisha jua la kwetu linaila. Haipati nafasi ya kulala juu ya nyingine mwezi hadi mwezi. Ya kule inalala tabaka juu ya tabaka kuanzia Novemba hadi Aprili, na kila tabaka lina tabia yake.

Poromoko linaloua watu wengi ni lile la bamba. Ukitaka kuliona, ingia jikoni. Chukua sinia, tandika kitambaa kibichi ili kitu kisiteleze chini kabisa, mwaga unga wa ngano na uukandamize kwa kiganja. Juu yake nyunyiza sukari, unene wa kama nusu kidole, bila kuigusa. Chekecha unga mwingine juu ya sukari na uushindilie polepole. Sasa inua upande mmoja wa sinia kidogo kidogo. Unga wa juu hautateremka chembe moja moja. Utapasuka mstari mmoja kwa juu, kisha kipande kizima kitaondoka. Unga wa juu ndio bamba, sukari ndiyo tabaka dhaifu. Mlimani tabaka hilo huwa ni sakitu iliyoota juu ya theluji usiku wa baridi usio na mawingu kisha ikafunikwa, au chembe kavu zenye pembe zisizoshikana, mfano wa ile sukari ya TPC. Kinachokosekana ni uzito wa kuamsha mambo, na katika ajali nyingi sana uzito huo ulikuwa ni aliyefukiwa mwenyewe au mwenzake.

Mabamba mengi huondoka kwenye mwinamo wa digrii 30 hadi 45, na yaliyo mengi zaidi karibu na 38. Chini ya 30 ni nadra. Kokoto zilizolala zenyewe, kama za chini ya Gilman's Point kule Kibo, hukaa kwenye digrii thelathini na kitu, kwa hiyo jicho lako tayari linaufahamu mwinamo huo. Lakini usilitegemee peke yake. Simu nyingi zina programu ya kupima mwinamo: laza fimbo ya kutembelea juu ya theluji, weka simu juu yake, soma. Na usipime ulipo wewe tu. Unaweza kuwa tambarare kabisa ukaamsha bamba lililo juu yako, maana tabaka dhaifu likivunjika mahali pamoja, mvunjiko unasafiri.

Sasa jambo la pwani hasa. Kwa sababu hewa ya kule haiko mbali na sifuri, theluji hushikana haraka kuliko ya milima ya bara, na hatari kubwa huwa wakati dhoruba inapiga na saa 24 hadi 48 baada yake. Sentimita 30 ndani ya siku moja ni onyo tosha. Upepo ukivuma, hesabu hiyo haina maana tena, kwa sababu upepo unaikomba theluji upande mmoja wa tuta na kuilundika upande wa pili mara kadhaa kuliko iliyoanguka kutoka angani. Dhoruba ikianza baridi na kuishia na joto, theluji nzito inakaa juu ya nyepesi, na hiyo ni mbaya kuliko kinyume chake. Anga likifunguka asubuhi yake, jeupe, limetulia, wenyeji wanaojua kazi hupanda miteremko ya upole siku hiyo na kuiacha mikali ikae. Mgeni aliyelipa nauli ya ndege ndiye anayeikimbilia.

Kanuni ya saa 48 ina mwanya wake: kukipita wiki ya baridi kali na kavu, tabaka dhaifu linaweza kufukiwa na kudumu kwa wiki kadhaa hata huko pwani. Ndiyo maana unatazama pia ishara za palepale. Poromoko jipya kwenye mteremko unaofanana na wako. Ufa unaokimbia mbele ya mguu wako. Na sauti ya kugutuka chini kwa chini, kama gunia la mahindi lililotuliwa chumba cha pili. Ukiisikia hiyo, tabaka limeshavunjika. Kilichokuokoa ni mwinamo mdogo tu. Rudi kwa njia uliyojia.

Mimi ni mwanafunzi, Njiro, Arusha. Nimesoma kwamba mvua kwenye theluji ni hatari kuliko theluji juu ya theluji. Je, mvua si inaiyeyusha na kuipunguza?

Inaipunguza baadaye sana. Kwanza inaiongezea uzito. Milimita 40 za mvua ni kilo 40 za maji kwa kila mita moja ya mraba. Kwenye kipande cha mteremko chenye mita 50 kwa 50, hizo ni tani 100 zilizowekwa juu ya bamba usiku mmoja. Theluji mpya ya sentimita 30, yenye maji sehemu moja kwa kumi, ni kilo 30 kwa mita ya mraba, na angalau yenyewe hujishikiza. Maji hayashiki kitu. Yanapenya, yanalegeza chembe zilipoungana, na yakikuta tabaka gumu yanatambaa juu yake kama mafuta.

Kwa hiyo wapandaji wa pwani hutazama namba moja kabla ya nyingine zote: kimo ambacho hewa inafikia sifuri. Kuikadiria ni rahisi. Joto hushuka kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Squamish iko usawa wa bahari. Kukiwa na nyuzi 7, sifuri iko karibu mita 1,080. Theluji huendelea kuanguka kama mita 300 hivi chini ya hapo kabla ya kuwa mvua, yaani hadi kwenye mita 780 au 800. Ikija dhoruba ya joto kutoka upande wa Hawaii, ule mto wa mvuke unaotiririka angani, mjini pakawa nyuzi 13, sifuri inaruka hadi mita 2,000, na karibu miteremko yote iliyokuwa inapata theluji jana inanyeshewa mvua. Kwetu sifuri hukaa karibu na mita 5,000 au chini kidogo mwaka mzima, ndiyo maana hatuijui tabia hii ya kupanda na kushuka mita elfu moja kwa usiku mmoja.

Hesabu hii ina mtego: baridi ya bara ikiteremka mabondeni na kukaa chini ya hewa ya joto, mjini patakuwa na baridi na juu pana joto. Kwa hiyo soma utabiri wa mlimani wenyewe, usiishie kwenye kipimajoto cha dirishani.

Mfano mzito wa mvua ni wa tarehe 1 Machi 1910, Wellington, jimbo la Washington, kwenye safu ya Cascade. Treni mbili zilikuwa zimekwama siku kadhaa kwa theluji nyingi. Ikageuka mvua na radi. Usiku ule mlima ukaziangusha bondeni, na watu 96 wakafa.

Mteja aliniachia vifaa vyake kama bakshishi: kibikoni cha kuvaa kifuani, ufito wa kukunja na koleo la alumini. Nafundishaje wenzangu kuvitumia? Na je, vinafaa Kibo? (Mgumu, yaani mbeba mizigo, Machame)

Kwa Kibo havina kazi, viweke. Kwa kwenda kule umepata vya maana, ila uvikague.

Bikoni ni kifaa cha redio kinachotuma mawimbi ili aliyefukiwa apatikane. Zote za sasa hutuma kwenye kilohezi 457, kwa hiyo za kampuni tofauti husikilizana. Fungua pa kuwekea betri: ukikuta unga mweupe au wa kijani kwenye vyuma, betri imevuja, usiukabidhi uhai wa mtu kwa kifaa hicho. Tumia betri za alkali mpya, za aina moja, isipokuwa kitabu chake kiseme vinginevyo. Za kuchaji huonyesha zimejaa kisha zikazima ghafla. Ikishuka chini ya asilimia 50, badilisha. Msimu ukiisha, toa betri. Na ulizia kama ina antena tatu. Za zamani zenye antena moja zinatafuta polepole, na hapa polepole ni kifo.

Kwa nini? Aliyefukiwa mara nyingi hafi kwa baridi, anafa kwa kukosa hewa. Akitolewa ndani ya dakika kumi hivi, nafasi yake ya kuishi ni kubwa. Baada ya hapo inaporomoka, na theluji nzito ya pwani inaibana pumzi mapema zaidi. Helikopta haifiki kwa dakika kumi. Mwokozi ni mwenzako aliyesimama pale.

Bikoni inavaliwa chini ya jaketi, juu ya nguo ya ndani, imewashwa kutoka kwenye gari hadi kurudi kwenye gari. Simu na kamera zikae mbali nayo sentimita 20 ikiwa inatuma, na 50 ikiwa inatafuta. Asubuhi kila mtu ajaribiwe: mmoja anatafuta, wengine wanapita mbele yake mmoja mmoja.

Mwenzenu akichukuliwa, mtazame hadi mahali pa mwisho alipoonekana na upakumbuke. Hakikisheni hakuna kingine kinachoning'inia juu. Kisha WOTE wageuze bikoni kwenye kutafuta. Mmoja akisahau, mtamkimbilia yeye aliye hai mbele yenu huku dakika zinakwisha. Kukiwa na mtandao, mmoja apige 911, lakini asiondoke mtu kwenda kutafuta msaada.

Anzeni alipoonekana mwisho na kushuka. Mkiwa wengi, achianeni mita 40. Ukiwa peke yako, nenda zigizaga, mizunguko isiachane zaidi ya mita 40, wala usikae mbali na ukingo wa poromoko zaidi ya mita 20. Ukipata mawimbi, fuata mshale na namba. Hadi mita 10 kimbia. Hapo punguza. Kwenye mita 3 piga magoti, bikoni iguse theluji, isogeze mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia, polepole, bila kuizungusha mkononi. Mahali penye namba ndogo kuliko zote ndipo pa kuanzia.

Ufito uwe wa sentimita 240 au zaidi. Chomeka wima kwa uso wa mteremko, si wima kwa anga. Hapo ndipo wengi hukosea. Anza katikati, kisha zunguka kwa nje kama konokono, sentimita 25 kati ya tundu na tundu. Ukigonga kitu kinachobonyea, usiuchomoe ufito. Ndio alama yenu.

Kuchimba ndiko kunakokula muda mwingi. Usichimbe juu ya kichwa chake: utamkandamiza, na shimo litakuwa kisima. Shuka chini ya ufito kwa umbali wa mara moja na nusu ya kina alichofukiwa, chimba kuingia kuelekea kwake, ukitupa theluji pembeni na chini. Wengine wapange nyuma yako, wakiisukuma kama watu wanaopakua mchanga kwenye lori, na wa mbele abadilishwe kila dakika moja hivi. Mita moja ya kina inaweza kuwataka mhamishe zaidi ya tani moja. Kichwa na kifua kwanza. Ondoa theluji mdomoni na puani kabla ya kufikiria miguu.

Kwa bikoni moja huwezi kufanya zoezi la kutafuta, lakini ufito na koleo unaweza kuvizoea hapohapo kwenu. Tafuteni lundo kubwa la pumba za mpunga huku chini Mabogini, mmoja afukie gunia la nguo, jiwe na kipande cha gogo, wengine wachomeke ufito wakiwa wamefumba macho. Baada ya asubuhi moja mkono unajifunza tofauti: jiwe linarudisha mlio, gunia linarudisha ulaini.

Mwanangu anafanya kazi jikoni hotelini Whistler, Kanada. Amenunua ubao wa theluji wa mtumba na ananitumia picha akiwa porini peke yake. Mimi sijui theluji, niulize nini? (Mama, Majengo, Moshi)

Shikamoo mama. Kwanza muulize: hiyo picha umepiga ndani ya kamba au nje ya kamba? Ndani ya eneo la kituo kuna walinzi wanaolipua miteremko kwa baruti alfajiri na kufunga njia zisizo salama. Nje ya kamba hakuna aliyemkagulia.

Kama ni nje, muulize namba ya siku. Shirika la Avalanche Canada hutoa taarifa kila alasiri kwa ajili ya kesho yake, kwa ngazi tano, na kwa vimo vitatu: juu ya miti, kwenye mpaka wa miti, na chini yake. Zamani eneo lake liliitwa Sea to Sky; siku hizi tafuta Whistler kwenye ramani yao. Ukiamka alfajiri Moshi, kwao bado ni jioni ya jana, kwa hiyo taarifa ya siku anayokwenda kutoka unaweza kuisoma kabla hajalala. Namba 4 na 5 watu huogopa wenyewe. Tunakuomba uihofie 3. Inakaa katikati ya ngazi, inasikika kama alama ya wastani ya darasani, kumbe maana yake ni kwamba mtu mmoja kuamsha poromoko kunatazamiwa. Siku za namba hiyo huua wengi.

Kisha muulize anatoka na nani, na kama wote wana bikoni, ufito na koleo. Mmoja akiwa navyo na mwingine hana, hana kitu. Mwambie achukue AST 1, kozi ya awali ya usalama wa maporomoko, ni ya siku mbili, kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Na kuna hatari ya pili isiyosikika huku. Chini ya matawi ya misonobari mikubwa theluji hubaki tupu na laini, kama shimo lililofunikwa. Mtu akiteleza humo kichwa chini, hawezi kujitoa, na anakosa hewa kwa dakika zilezile za aliyezama majini. Hii hutokea hata ndani ya kamba, siku za theluji nyingi mpya. Dawa yake ni mwenza anayekuona muda wote, si anayekusubiri chini. Akianza kuangukia humo, ashike shina au tawi, na akishakwama asipapatike. Atengeneze nafasi ya hewa mbele ya uso na kupuliza filimbi. Picha za peke yake, mama, ndizo za kumkatalia.

Jaketi langu la manyoya ya bata nililonunua kwenye mitumba ya Memorial linanitosha kabisa Barafu Camp, kule Kibo. Litanitosha huko? (Mpishi wa mlimani, Soweto, Moshi)

Litakusaliti. Barafu Camp ni baridi kavu. Ya pwani ni baridi mbichi, karibu na sifuri, na manyoya yakilowa hulala na kuacha kutunza joto. Beba hilo kwa ajili ya kuvaa ukisimama, ndani ya mfuko usiopitisha maji. La kutembelea liwe la kuzuia mvua, na chini yake sufu au sintetiki, pamba hapana. Ukiwa Memorial, geuza jaketi ndani nje utazame mishono: utepe ukiwa umebanduka, au ngozi ya ndani inatoka magamba meupe ukiisugua kwa kidole, rudisha kwenye lundo. Usisahau jozi mbili za glavu. Nyuzi 10 chini ya sifuri, pamoja na upepo wa kilomita 40 kwa saa, ngozi huhisi kama nyuzi 21 chini ya sifuri.

Tuambieni basi na ya kwetu. Kibo na Meru hakuna maporomoko? (Waongozaji watatu, Usa River)

Kanuni ya bamba na mwinamo haibagui mlima. Masika ikimwaga theluji hadi magotini juu ya mteremko mkali wa Kibo, msiupite siku hiyo hiyo. Lakini kilichoua kwetu ni mawe. Januari 2006, kwenye Western Breach, mawe yaliporomoka na kuua wapandaji watatu wa Marekani, na njia ikafungwa kwa muda. Barafu ya Kibo ilikuwa kama kilomita 12 za mraba mwaka 1912. Kufikia 2011 ilikuwa chini ya 2. Mawe iliyokuwa imeyashika kwa karne nyingi sasa yameachwa wazi. Usiku maji huganda kwenye nyufa na kuyagundisha. Jua likifika, gundi inayeyuka.

Kwa kuwa Western Breach inatazama magharibi, asubuhi iko kivulini, na huo ndio muda wenu. Ondokeni kambi ya Arrow Glacier bado giza ili sehemu ya wazi iwe nyuma yenu kabla jua halijaigusa. Helmeti ni kwa kila kichwa, mgeni na mgumu sawasawa. Tunasema hivi kwa sababu bado tunaona misafara ambamo helmeti zinaishia kwa wageni. Achianeni nafasi, msipumzike kwenye mkondo ambao chini yake kuna mawe mapya yenye kingo kali na yasiyo na vumbi, na anayelegeza jiwe apige kelele "Mawe!" hata kama ni dogo kama ngumi.

Meru ni kinyume cha hapo. Shida ya alfajiri baada ya Rhino Point ni utando mwembamba wa barafu juu ya mwamba, usioonekana kwa taa ya kichwani. Piga mwamba kwa ncha ya fimbo: ukisikia mlio mkavu na ncha ikateleza, kaeni pale na chai yenu hadi jua liuguse. Mgeni akikosa mawio kileleni, mwoneshe kutoka hapo mlipo. Kibo inaonekana vizuri.